Jumapili Mama Mikate Alipoingia kwa Mlango wa Mbele

Rafiki yangu Mama Mikate hana mtoto anayeitwa Mikate, ingawa wapo watu waliowahi kumuulizia hali ya mtoto huyo. Jina alipewa na wahudumu wa hoteli anakofanya kazi, likamganda, mpaka watoto wake wawili wa kweli, ambao ni watu wazima na wanaishi mbali, wakimpigia simu humwita hivyo kwa utani. Ni mwaka wa kumi na tisa sasa anaoka mikate ya hoteli ile. Kama uliwahi kula pale mkate laini wenye ganda linalovunjika kama jani kavu, basi umekula kazi ya mikono yake na hukujua.

Mikono yenyewe ukiiona utadhani ameiazima. Yeye ni mfupi, mwembamba, shingo ya kuku, lakini kuanzia kwenye kiwiko kwenda chini ana mikono ya mbeba mizigo, na imejaa alama za kuungua zilizopangana kama ngazi, kila moja ya trei iliyomgusa akiitoa tanurini. Huingia kazini alfajiri. Hupima unga, huchanganya hamira na maji ya vuguvugu, hukanda, hufunika kwa kitambaa, hungoja uumuke, huupiga ngumi ukanywea, kisha hukanda tena. Wageni wakiamka, yeye ameshamaliza nusu ya siku.

Miaka mitatu iliyopita hoteli ilianzisha mlo wa Jumapili unaoanza saa nne asubuhi na kwisha saa nane. Si chai, si chakula cha mchana. Watu huja bila haraka, hula kidogo, hupiga soga, hula tena, huku bendi ikiwapigia muziki wa Kibrazili pembeni mwa ukumbi. Mama Mikate aliupenda muziki huo kupitia mlango. Mlango wa jikoni kwao husukumwa kwa bega na hujifunga wenyewe. Mhudumu akipita na sahani, gitaa linaingia, tari inaingia, sauti ya mwimbaji inaingia. Mlango ukijifunga, kimya. Kwa hiyo aliujua muziki ule vipande vipande, kama mtu anayesoma barua iliyochanwa.

Sisi ni marafiki watatu tangu tukiwa dawati moja shuleni. Mimi ni mwalimu wa hesabu, siku hizi msaidizi wa mwalimu mkuu. Wa tatu ni mshonaji, ana chumba chenye cherehani mbili karibu na soko, nasi humwita Fundi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hukutana sebuleni kwangu. Siku moja Mama Mikate alikuwa akituimbia kipande cha wimbo mmoja anaoupenda, maneno ya kujitungia maana Kireno hakijui, akafika mahali akakatisha.

"Endelea," Fundi akamwambia. "Unaishaje?"

"Sijui. Huwa hapo mlango unafungwa."

Alisema bila huzuni yoyote, kama anayetaja bei ya unga. Mimi ndiye niliyeudhika. Nikasema tutaenda, sisi watatu, tutakaa mezani kama watu wengine na tutausikia wimbo huo mpaka mwisho wake.

"Kule?" akasema. "Mimi?"

"Kwani wewe si mtu?"

Ilituchukua miezi miwili kumshawishi. Mwishowe aliomba wiki moja ya likizo yake ya mwaka, na meneja wa ukumbi mwenyewe ndiye aliyetia sahihi. Hilo nataka likumbukwe. Fundi akamshonea gauni la kijani, kijani cha jani changa, lenye mikono mirefu hadi kifundoni. Mikono mirefu aliiomba mwenyewe, kwa ajili ya zile alama.

Jumapili hiyo tulifika saa nne na nusu. Mlangoni alikuwepo mlinzi ambaye siku zote hukaa geti la nyuma, siku hiyo amepangwa mbele. Alimwona Mama Mikate akacheka.

"Leo umepotea njia, Mama?"

"Leo nakula," akamjibu.

Mlinzi akafurahi kwa dhati, nilimwona. Halafu, huku akiendelea kutabasamu, akanyoosha mkono aukague mkoba wake, kama anavyoukagua kila siku wafanyakazi wanapotoka. Mkoba wangu na wa Fundi hakuigusa. Mama Mikate akaufungua. Leso, miwani, simu. Mlinzi alipogundua alichofanya akaanza kuomba radhi, naye akamwambia yaishe, ni mazoea tu. Mimi nilikunja uso nikanyamaza, kwa kuwa sikutaka kuiharibu siku.

Tulipewa meza ya dirishani, nzuri, na bendi haikuwa mbali. Walikuwa wanne. Mpiga gitaa, mzee mwenye kucha ndefu za mkono wa kulia, ndiye pekee aliyetoka Brazili. Mwanamume mmoja alipiga ngoma kubwa kwa rungu lenye kitambaa, mwingine alikuwa na tari aliyoizungusha vidoleni kana kwamba haina uzito, na mwimbaji alikuwa mwanamke mnene aliyeimba ameketi, mkono mmoja gotini. Mama Mikate aliwatazama muda mrefu. "Kumbe ni mmoja," akanong'ona. Kwa miaka miwili alidhani waimbaji ni wawili.

Mhudumu aliyekuja mezani kwetu alikuwa anamjua, na aibu ikamshika mpaka akamwaga maji. Tukaletewa matunda, mayai, kahawa, na kikapu cha mikate. Mama Mikate akachukua mmoja, akaugeuza chini juu, akaubonyeza, akaunusa.

"Haukuumuka sawasawa," akasema.

"Jamani, acha kukagua," Fundi akamwambia. "Kula."

Akacheka, akamega kidogo akala. Niseme ukweli, ile saa moja ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Fundi alituhadithia kuhusu mteja aliyeleta suruali ya mumewe ipunguzwe kiuno, mume akaja kwa siri kuomba iongezwe, naye akamrudishia kila mmoja jibu lake na suruali ileile bila kuigusa. Tulicheka mpaka meza ya jirani ikageuka. Hakuna aliyetazama saa. Kahawa ilipoa, tukaletewa nyingine.

Kisha mpiga gitaa akaanza kitu cha taratibu, na Mama Mikate akanishika mkono.

"Huu," akasema. "Huu ndio ninaousikia mwanzo wake kigari cha matunda kinapotoka."

Wimbo ukaenda polepole, mwimbaji akiwa kama anazungumza na mtu aliyelala. Halafu tari ikaingia, ngoma ikafuata, na wimbo ukageuka, ukaanza kuchezeka. Mama Mikate akafungua mdomo. Kile kipande cha furaha alikuwa anakijua, akikisikia kila Jumapili wakati wa kutoa trei ya pili, na siku zote alidhani ni wimbo mwingine. Kumbe huzuni ile na furaha ile ni za wimbo mmoja. Alikuwa ameinama mbele, viganja vyote viwili juu ya meza, anasubiri kuona utafika wapi.

Hapo ndipo meneja alipokuja.

Ni kijana wa miaka thelathini na ushee. Alianza pale kama mhudumu, na Mama Mikate ndiye aliyekuwa akimfichia mkate wa moto asubuhi alipokuwa anakuja na tumbo tupu. Aliinama sikioni kwake, lakini tulimsikia sote.

"Mama, samahani kidogo. Kuna shida jikoni. Hamira ilikuwa imeharibika, unga wote umelala. Na watu arobaini wa ule mkutano wa juu wameshuka sasa hivi. Nakuomba utufanyie ile midogo ya maziwa isiyongoja kuumuka. Dakika ishirini tu."

"Meneja, yuko likizo," nikasema.

Nilisema huku nikitabasamu. Mimi ninayenyamazisha darasa la watoto sitini kwa kuwatazama, nilimwambia mtu yule neno la haki kwa tabasamu la kuomba. Mpaka leo linaniuma.

"Najua, mama, ndiyo maana naomba," akanijibu kwa adabu, macho yake yakiwa bado kwa mwenzangu.

Fundi naye akadakia, "Nenda tu, mwenzangu, usije ukachafua kazi. Tutakulindia kiti."

Mama Mikate aliinuka. Alipita kati ya meza na gauni lake la kijani, akausukuma mlango kwa bega, mlango ukajifunga.

Yaliyotokea jikoni nilisimuliwa baadaye na yeye, na nikasimuliwa tena na msaidizi wake, mwanamke mmoja asiyependa maneno hata wakampa jina la Kimya. Alivaa aproni juu ya gauni, akakunja mikono ile mirefu, akamwaga unga, siagi, maziwa, na kabla hajawaza chochote alikuwa anakanda. Kimya alisimama pembeni na trei, macho mekundu. Alikuwa amelaumiwa kwa hamira ambayo si yeye aliyeinunua wala kuihifadhi karibu na joto.

"Pole," Mama Mikate akamwambia.

"Mimi nilimwambia meneja tuchukue mikate ya jana tuipashe, hakuna atakayejua," Kimya akasema. "Akakataa. Akasema, ya nini, Mama Mikate si yupo pale, amekaa tu."

"Amesema nimekaa tu?"

"Ndivyo alivyosema."

Mama Mikate anasema hakumkasirikia meneja kwanza. Alitazama chini akaiona mikono yake. Ilikuwa inaendelea kukanda. Alikuwa ameacha kutaka, lakini yenyewe ilikuwa inaendelea, inasukuma, inakunja, inageuza, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Hasira ilimpandia hapo. Akakumbuka mahafali ya binti yake, alivyoitwa kazini asubuhi ile ile kwa dakika ishirini tu, akafika uwanjani watu wanakunja viti. Binti yake alipiga picha na joho amesimama na shangazi. Akakumbuka siku ya pili baada ya kumzika mama yake. Hakuna aliyewahi kumshika mkono na kumvuta. Walikuwa wanaomba kwa adabu, naye alikuwa anainuka.

Akaiondoa mikono kwenye unga. Kimya anasema aliifanya kazi hiyo kwa nguvu, kama anayejitoa kwenye matope.

Sisi mezani tuliuona mlango unasukumwa, yeye akatoka. Hakuvua aproni. Unga ulikuwa umemganda hadi vifundoni. Meneja alikuwa amesimama mbele ya wale watu wa mkutano, mikono nyuma, anawaambia jambo la kuwachekesha.

"Meneja," akamwita.

"Mama. Tayari?"

"Nimeambiwa umesema nimekaa tu."

Meneja akasogea upesi na kushusha sauti. "Tuongee ndani, Mama. Hapa kuna wageni."

"Na mimi ni mgeni. Leo mimi ni mgeni. Nimeingia kwa mlango ule pale, nimekaguliwa mkoba, nimekaa, nimeagiza. Hawa wote unaowaona hawajakaa tu? Yule bwana mwenye miwani umemfuata ukamwambia akaoshe gari la hoteli, kwa kuwa amekaa tu?"

Hakupiga kelele. Wengi waliodai baadaye kwamba alipiga kelele walidanganywa na jambo moja: wimbo ule, ambao bendi ilikuwa ikiurefusha muda wote huo, ulikwisha hapo hapo, katikati ya maneno yake, na ukumbi ulikuwa kimya. Wimbo ulikwisha yeye akiwa ameipa bendi mgongo. Hakuusikia mwisho wake, na mimi niliyekuwa nausikia, sikuusikiliza.

"Tutaongea kesho ofisini," meneja akasema. Uso ulikuwa umemshuka.

"Kesho niko likizo. Uliweka sahihi mwenyewe."

Akarudi mezani, akaketi. Akachukua kitambaa cheupe cha hoteli akaanza kujifuta unga kidole kimoja kimoja, taratibu, mpaka vyote kumi. Watu wa mkutano waliletewa matunda. Mpiga gitaa alikwenda kunywa chai, na tari ikabaki juu ya kiti.

"Lakini ungemwambia kwa upole," Fundi akasema.

Laiti angenyamaza. Mama Mikate akageuka polepole.

"Wewe ndiye uliyeniambia niende."

"Nilikuhurumia. Hiyo ndiyo kazi inayokulisha."

"Mimi nikikuletea nguo Jumapili unaniambiaje? Unaniambia umefunga. Unaniambia mgongo unauma. Sijawahi kukuambia wewe umekaa tu."

"Sasa hasira za meneja unazimalizia kwangu?"

"Zako ni zako na zake ni zake. Zipo za kutosha wote."

Nilijaribu kuingilia, Fundi akanisukuma mkono. Naye alikuwa ameshawaka. Akasema jambo ambalo sisi wawili tulikuwa tumeliona na tusingelitamka hata kwa kuchapwa.

"Uliinuka mwenyewe. Mimi sijamaliza hata kusema, ulikuwa umeshasimama. Usinitwishe mimi."

 Mama Mikate alichukua ule mkate wa kwanza, ule ambao haukuumuka, akautafuna wote hadi mwisho akitazama dirishani, machozi yakimtoka bila sauti, na taya zikisaga kama mtu anayekula mawe. Fundi akachukua mkoba wake akaondoka. Bendi iliporudi ikapiga vitu vya kuchangamsha. Tulikaa mpaka saa nane kamili, yeye na mimi, kwa sababu alisema hatainuka kabla ya muda. Sijawahi kukaa kwenye karamu ndefu namna ile.

Alimaliza wiki yake yote ya likizo. Hoteli ilimpigia simu mara nyingi, akawa anaitazama inavyolia. Aliporudi kazini aliitwa kwa mkurugenzi, akakabidhiwa barua ya onyo. Ilisema amevuruga utulivu wa wageni, na kwamba alitoka jikoni katikati ya kazi bila kufuata utaratibu. Aliisoma mara mbili.

"Nilitoka jikoni kwa sababu sikupaswa kuwa jikoni," akasema.

Mkurugenzi, mama mpole wa sauti ya chini, akamwambia asilichukulie moyoni, ni karatasi tu, atie sahihi mambo yaende. Mama Mikate akaomba kalamu. Chini ya maneno yao akaandika kwa herufi kubwa NILIKUWA LIKIZO, ndipo akatia sahihi. Mkurugenzi alisema barua ya ofisi haiandikwi hivyo. Akamjibu kwamba imeshaandikwa. Ipo kwenye faili lake mpaka leo.

Mimi niliwaandikia hoteli barua ya kurasa mbili, ya hasira iliyopangwa vizuri, kama tujuavyo walimu. Wakanijibu kwa mistari mitatu wakinishukuru kwa maoni yangu mazuri na kunikaribisha tena Jumapili yoyote. Niliichana. Kisha nikaokota vipande nikavichana tena.

Watu humuuliza kwa nini hakuacha kazi. Anawajibu kwamba mikate haijamkosea chochote. Yupo pale pale, tanuri lile lile, na wanasema anaoka vizuri kama zamani. Lakini siku yake ya mapumziko simu huizima, na meneja akiwa na shida humtuma mtu mwingine jikoni, maana mwenyewe hawezi kumtazama usoni. Kimya naye siku moja aliombwa aje Jumatatu yake ya kupumzika. Akasema hapana. Neno moja, kama kawaida yake.

Fundi hakuja kwangu Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule, wala ya mwezi uliofuata. Nilipita dukani kwake mara mbili. Kila mara alikuwa na pini mdomoni asiweze kuzungumza, au akijifanya hivyo. Mama Mikate hakumtaja. Nilimwambia kwamba Fundi hakuwa na nia mbaya.

"Najua," akasema. "Aliyoyasema ni kweli. Ndiyo maana simsamehi upesi."

Mwezi wa tatu tangu ugomvi ule tulikuwa sebuleni, mimi nasahihisha madaftari, yeye anamenya machungwa, mlango ukagongwa. Fundi akaingia. Hakuleta zawadi wala hakuwa na maneno ya kujitetea. Alisimama katikati ya sebule na mkoba wake begani, akamtazama Mama Mikate, Mama Mikate akamtazama yeye.

"Bado nimekukasirikia," Mama Mikate akasema.

"Hata mimi," Fundi akajibu. "Sogea."

Mama Mikate akafikiri kidogo, kisu mkononi. Kisha akasogea, si sana, nusu ya kiti tu, na Fundi akajibana hapo hapo pembeni yake, wote wawili wamenuna, wakaanza kubishana kama Mama Mikate amelimenya chungwa vibaya.